Kombora Lisilosikia

Obedi hakuwa na gari. Hakuwa na bastola, kwa maana wapelelezi wa kiraia katika polisi ya Stockholm hawapewi silaha. Hakuwa na shahada, wala mkubwa wa kumtetea, wala kibali cha kuvuka uzio wa eneo la majaribio. Hakuwa na maiti ya kukagua, kwa kuwa jeshi lilikwisha kuichukua. Hakuwa na picha ya kombora lililoua, kwa kuwa kombora lilikuwa siri ya nchi. Na asubuhi hiyo ya Alhamisi hakuwa hata na muda.

"Saa tisa alasiri nampeleka Josefin mbele ya jaji," alisema Emilia, mwendesha mashtaka, akiwa amesimama kwa sababu kiti chake kilikuwa kimejaa majalada. "Nitaomba abaki ndani kwa tuhuma ya mauaji. Wewe unajua lugha ya kwao, Kiswahili. Kaongee naye. Kama kuna jambo tusilolijua, nilijue kabla ya saa tisa."

"Na kama halipo?"

"Basi msichana yule ataona majira ya baridi kupitia dirisha la mahabusu."

Mambo yaliyojulikana yalikuwa machache. Siku ya Jumatatu, kwenye visiwa vya kusini mwa jiji, kampuni moja ilijaribu topedo jipya, yaani kombora linalokwenda chini ya maji. Halikuwa na baruti. Lilitakiwa kupiga jukwaa la chuma linaloelea, lililojaa vyombo vya kupimia. Lililipiga. Juu ya jukwaa alikuwapo mtu, na mtu huyo alikufa. Aliitwa Évariste, kijana Mkongomani wa mtaa wa Hagsätra, pembezoni mwa jiji. Kampuni ilisema haina mfanyakazi wa jina hilo. Magazeti yakaandika neno "jasusi". Polisi walipofungua simu ya marehemu walikuta namba ya Josefin, mhandisi aliyekaa kwenye mtambo siku ile na kufyatua kombora. Shahidi mmoja, Anton, mkuu wa usalama wa majaribio, alieleza kwamba alimwona kwenye kamera mtu akipunga mikono jukwaani, akapiga kelele wasimamishe, na Josefin akaondoa mikono kwenye mtambo.

Emilia aliyaunganisha hivi: msichana alimwingiza jasusi, kisha akamuua ili asitajwe.

Obedi aliona kwamba yameungana vizuri mno.

*

Josefin aliingia chumba cha mahojiano akiwa amevaa suti ya kijani ya mahabusu, mikono ya nguo ikimpita vidole. Alizaliwa Vällingby, hapa hapa Stockholm, mama yake mtu wa Kitale. Alipomsikia Obedi akimsalimu kwa Kiswahili alikaa kwanza, halafu akalia, halafu akajifuta kwa mkono wa nguo.

"Shikamoo, anko. Samahani. Kiswahili changu ni cha kanisani na jikoni."

"Marahaba. Tutaongea hicho hicho cha jikoni. Évariste alikuwa nani kwako?"

"Besi."

"Besi?"

"Kwenye kwaya. Mimi ndiye nawatumia watu ujumbe kuwakumbusha mazoezi. Watu wote wa kwaya wana namba yangu, hata wale ambao hawaji. Yeye anakuja, ila anachelewa kila..." Akajisahihisha. "Alikuwa anachelewa."

"Ulimwingiza wewe kule?"

"Mimi mwenyewe naingia kwa kadi tatu, anko. Ningemweka wapi, mfukoni?"

Obedi hakucheka, lakini aliandika jibu lote.

"Anton alipiga kelele msimamishe. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukaondoa mikono."

"Niliondoa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushika." Alimtazama moja kwa moja. "Wameniuliza jana mchana kutwa: kitufe cha kusimamisha kiko wapi? Hakipo. Hawataki kusikia."

"Mimi nataka. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Josefin alivuta kikombe cha karatasi cha kahawa na kuchukua kijiko cha plastiki.

"Topedo la kawaida linaogelea, kama samaki. Maji yanaligusa mwili mzima, ndiyo maana haliendi mbio sana. Lakini lina masikio. Linasikia meli, linaifuata. Mengine yana waya mwembamba unaobaki nyuma, mrefu sana. Wewe umekaa kwako, unaliambia pinda kushoto, unaliambia acha. Sawa?"

"Sawa."

"Letu haliogelei." Alisimamisha kijiko, ncha ikitazama mbele. "Puani lina kisahani. Kisahani kinasukuma maji pembeni kwa nguvu, na gesi inajaza ile nafasi inayobaki nyuma yake. Kwa hiyo mwili wote unakaa ndani ya povu moja refu. Maji yanaligusa puani tu, na kwenye ncha za mapezi. Nyuma kuna roketi. Linakwenda mwendo wa ndege ndogo, anko. Chini ya maji."

"Na nani analiongoza?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Kwa ile kelele ya roketi na ya povu lenyewe, ni kiziwi kabisa. Haliisikii meli. Halinisikii mimi. Waya hauwezi kulifuata. Kila kitu unaliambia kabla: uko hapa, nenda pale. Ndani lina chombo kinachokumbuka mwelekeo. Likiyumba, kinageuza kisahani kidogo tu, linarudi kwenye mstari wake. Ukitaka kulipinda sana, ubavu unagonga ukuta wa povu, maji yanaingia, linakatika vipande."

"Sasa vitani lina faida gani, kama haliwezi kumtafuta adui?"

"Ni la karibu. Adui amekurushia topedo lake, wewe unarusha hili kuelekea kule kule lilikotoka. Halimtafuti. Linafika kabla hajahama. Au anaogopa, anakata waya wa lake, anakimbia, na wewe umepona." Alilaza kijiko mezani. "Ni kama jiwe, anko. Likishatoka mkononi, hata ukijuta halirudi."

Obedi aliandika, akapiga mstari chini ya neno "kabla".

"Kwa hiyo kama lililazimika kusimamishwa, lilipaswa kusimamishwa kabla ya wewe kufyatua. Nani alikuambia jukwaa ni tupu?"

"Anton. Anasema neno moja: *klart*, yaani tayari. Bila neno hilo siwezi hata kufungua mtambo. Unafunguliwa kwa funguo mbili, wake na wangu."

"Naye anajuaje kwamba jukwaa ni tupu?"

"Anawapigia simu vibarua. Mmoja mmoja."

"Na mtu uliyemwona jukwaani kwenye kamera, alivaa nini?"

Josefin alifumba macho. "Koti la kazi. La kwetu, la rangi ya machungwa. Na vile vifuniko vya masikio." Halafu akasema kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, kwamba hakujua ni Évariste mpaka alipotajiwa jina humu ndani.

*

Anton alimngojea langoni, nje ya uzio, mikono mfukoni. Alikuwa mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kuingia hutaingia," alisema kwa Kiswidi.

"Sitaki kuingia. Nataka kuona mahali simu ya marehemu ilipookotwa. Taarifa inasema 'langoni' tu."

"Hapa." Anton aliingia kibanda cha lango na kuonyesha kabati la chuma ukutani, lenye vijumba vidogo vidogo, kila kimoja na jina. "Simu haziruhusiwi ndani. Kila mtu anaacha yake humu akiingia, anaichukua akitoka."

"Simu ya Évariste ilikuwa humu?"

"Ilikuwa humu."

Obedi alilitazama kabati.

"Bwana Anton, umewahi kumwona mwizi anayevua viatu mlangoni?"

"Sikuelewi."

"Jasusi gani huyu, anakuja kuiba siri, halafu anaweka simu yake kabatini kama mfanyakazi mwema? Angekuwa nayo. Ndiyo kamera yake."

Anton aligeuka kulitazama kabati upya.

"Ilikuwa katika kijumba cha nani?"

"Papy." Anton aligusa kibandiko cha jina. "Papy ni kibarua wetu, kutoka wakala. Nilidhani... kijumba kilikuwa wazi, nilidhani yule mtu alikitumia tu."

"Na simu ya Papy ilikuwa wapi?"

"Anayo Papy. Nilimpigia, akajibu."

"Nieleze unavyopiga."

Anton alieleza, mwanzoni kwa kiburi, kwa sababu utaratibu ule aliubuni yeye mwenyewe. King'ora hulia mara moja, mlio mrefu. Vibarua huondoka jukwaani kwa mashua mbili, hutembea hadi langoni, huchukua simu. Ndipo yeye, akiwa chumba cha mitambo, humpigia kila mmoja. Haulizi wenye mashua wala hahesabu vichwa, kwa kuwa hesabu za vichwa zimewahi kumdanganya. Anataka sauti. Simu haziruhusiwi kuvuka lango. Basi mtu akijibu simu, ni lazima yuko nje ya lango. Haiwezekani ajibu akiwa majini.

"Ni utaratibu mzuri," alisema Obedi, na alimaanisha. "Mnarekodi?"

"Zote."

Anton aliwasha kompyuta ya kibandani. Sauti ya kwanza ilijibu, upepo ukivuma nyuma yake na watu wakicheka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu pia. Halafu ikaja ya nne, ya mwisho, nzito, yenye mafua: "Papy. *Jag är i land.*" Niko nchi kavu.

"Rudia hiyo."

Anton alirudia. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na watu wa kucheka. Kulikuwa na mvumo wa chini chini, na mbali kabisa, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, ile inayotangaza vituo katika treni ya chini ya ardhi. Obedi aliisikia kila jioni akirudi nyumbani. Ilitaja jina moja: Hagsätra.

"Papy alikuwa kwenye treni," alisema Obedi. "Simu yake haikuingia kabatini kwako siku ile, kwa sababu Papy hakuja kazini. Naijua familia yao. Alikuja Évariste, mdogo wake, na kadi ya kaka yake. Hakuna aliyemtazama usoni?"

"Alivaa kofia ngumu," alisema Anton. "Na barakoa ya vumbi. Mimi... kadi ilisoma vizuri. Yeye na Papy..." Akaishia hapo.

"Mnasema sisi sote tunafanana."

Anton alikaa kwenye ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani iliyokuwa kando ya mlango. Uso wake ulikuwa umepauka kama karatasi. Alisema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba mashua ya kwanza ilidhani Évariste yuko katika ya pili, na ya pili ikadhani yuko katika ya kwanza, na kwamba hilo halikuwa tatizo, halijawahi kuwa tatizo, kwa sababu simu zipo.

*

Nyumbani kwa Papy viatu vilikuwa vimejaa kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi. Watu wa matanga waliimba polepole sebuleni. Picha ya Évariste ilisimama juu ya televisheni, kijana anayecheka na tai iliyopinda. Célestine, mke wa Papy, alimpokea Obedi akiwa na sinia la vikombe.

"Papa Obedi, unakuja kulia na sisi ao unakuja na ile kazi ya Waswidi?"

"Nakuja na vyote viwili, mama."

"Basi lia kwanza," alisema mzee mmoja kutoka kwenye kochi. "Kazi yako ni ya kesho. Polisi gani anavaa soksi iliyotoboka?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msiba. Papy hakucheka. Aliinuka na kumshika Obedi mkono kwa nguvu.

"Mumemfunga yule binti? Walisema alimuona! Évariste alipunga mikono, na yeye anamutazama tu. Mtu wa kwaya yetu! Aksanti kwa kumfunga, Papa. Aksanti sana."

"Twende jikoni," alisema Obedi.

Jikoni alifunga mlango. Alimwambia Papy kwamba anamhoji kama polisi, kwamba ana haki ya wakili, na kwamba anaweza kukaa kimya. Papy alikunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Wakili wa nini? Mimi njo mufiwa."

"Jumatatu Anton alikupigia simu. Ulijibu ukiwa wapi?"

"Kazini."

"Nyuma yako treni ilitangaza Hagsätra."

Papy alitazama mlango. Halafu akatazama sufuria zilizopangwa chini. Alipoanza kusema, alisema haraka, kama anayetaka kumaliza kabla hajafikiri.

"Nilikuwa na homa. Homa ya kweli, Papa, natetemeka. Na ile wakala, ukikosa siku moja wanamuita mwengine, umeisha. Évariste akasema nipe kadi. Kule kwetu mutu akigonjwa, ndugu anaenda kushika nafasi yake, si ni kawaida? Nikamwambia usiseme mingi, tikisa kichwa, fuata wengine. Mimi nikaenda kutafuta dawa. Niko narudi nyumbani na treni, Anton anapiga. Kila siku anapiga tukiwa tumeshafika getini, tunakunywa kahawa. Nikasema vile tunasemaga. Ningesema nini? Nilijua na yeye amefika."

"Ulimweleza habari ya king'ora?"

Papy alifikiri. Rangi ya uso wake ilibadilika kabla ya jibu kuja.

"Sijui," alisema. "Papa, sijui kama nilimwambia."

"Alikuwa na vifuniko vya masikio."

"Lakini yule binti alimuona!" Papy alipiga meza. "Hata kama mimi nilikosea, alimuona kwa macho! Si angelisimamisha? Si angelipindisha kidogo tu lipite pembeni?"

"Halisimamishwi."

"Kila kitu kinasimamishwa."

"Hili hapana. Halina masikio wala waya. Linakwenda ndani ya povu lake, na ukilipinda linavunjika. Linaambiwa njia kabla halijatoka, basi. Josefin alipomwona Évariste, hapakuwa tena na la kufanya, kwake wala kwa mtu mwingine yeyote duniani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lilikuwa linaweza kuzuiliwa kabla tu. Na kabla ya hapo, Anton alikuwa anangoja sauti ya mwisho."

Midomo ya Papy ilisogea, ikirudia bila sauti maneno yale ya Kiswidi aliyomjibu Anton, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mimi," alisema Papy. "Papa Obedi. Ni mimi?"

Mlango ulikuwa umefunguka. Célestine alisimama pale na sinia lake. Aliinama, akaanza kuviweka vikombe sakafuni, kimoja kimoja, taratibu sana, kana kwamba alikuwa ameambiwa asiamshe mtoto. Alipomaliza alibaki ameinama.

Sebuleni waliendelea kuimba.

Obedi aliitazama saa ya ukutani na kusema kwamba ni lazima aandike, kwamba saa tisa kuna msichana atakayefungwa kwa jambo ambalo hakulitenda. Mambo ya kesi hii hayaruhusiwi kupita kwenye kompyuta wala simu; yanaandikwa kwa mkono, na mjumbe wa mwendesha mashtaka alikuwa chini, na pikipiki.

"Nikiandika, watakufuata," alisema. "Kazi itakwisha. Huenda ukashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Unaweza kungoja wakili kwanza. Hiyo ni haki yako, sikuambii kwa adabu tu."

"Na huyo binti?"

"Atangoja na wewe. Ndani."

Papy alimtazama mkewe. Célestine alinyooka.

"Mama yake Évariste yuko kwa simu kule chumbani," alisema. "Kutoka Uvira. Tangu asubuhi anauliza jambo moja. Wamemwonyesha gazeti. Anauliza kama mtoto wake alikuwa anaiba."

Papy aliketi kwenye kiti. Aliondoa mbele ya Obedi kila kilichokuwa mezani, chumvi, kisu, kipande cha mkate, mpaka meza ikawa wazi.

"Andika," alisema. "Lakini usianze na mimi. Kule kadi inasema Papy, kabati linasema Papy, hata koti limeandikwa Papy. Anza na yeye. Andika jina lake lote. Andika kwamba alikuwa anafanya kazi."

Obedi aliandika kwa Kiswidi, herufi zilizosimama wima, bila kufuta. Aliandika kwamba Évariste hakuwa jasusi wala mvamizi, bali alikuwa kazini katika nafasi ya kaka yake mgonjwa. Aliandika kuhusu kabati na kijumba, kuhusu sauti ya nne na tangazo la kituo, kuhusu kombora lisilosikia. Mwishoni aliandika jina la Papy na maneno yake, akamsomea kwa Kiswahili. Papy alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha jambo moja: hakusema "nilidhani amefika", alisema "nilijua". Obedi akakata neno, akaandika lile lingine. Papy akatia sahihi.

Célestine alikwenda chumbani. Walimsikia akichukua simu na kusema kwa sauti ya juu, kama watu wasemavyo na mbali: "Mama? Mama, sikia. Alikuwa kazini." Halafu kilio kikatoka kwenye simu ile, kirefu, na wimbo wa sebuleni ukasimama ghafla katikati ya ubeti.

Obedi alikunja karatasi, akaitia katika bahasha, na bahasha hiyo katika nyingine. Alibandua utepe wa gundi. Papy alinyoosha mkono, akauminya yeye mwenyewe kwa dole gumba, kutoka pembe hadi pembe, akarudia tena ingawa ilikuwa imekwisha kushika. Mjumbe alipanda ngazi, akavuka viatu vyote vile kwa uangalifu, akapokea bahasha mlangoni na kuitia katika mkoba wake. Obedi alitia sahihi ya kuitoa. Kisha wakaisikia pikipiki ikiwaka chini, ikiondoka kuelekea mjini.